Joto la Garissa Lina Ua Lake

Mbegu za pansi zinavutia pakitini: maua ya zambarau na manjano yenye vidoa kama uso wa paka. Aliyeko Limuru penye baridi azisie bila wasiwasi. Wa Garissa atakuwa ametupa pesa. Pansi huota vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 18 hadi 20. Joto likipita 25 kwa muda mrefu, mbegu nyingi hugoma. Garissa mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na usiku wenyewe haupoi vya kutosha. Hata zile chache zitakazochipua zitarefuka, zilegee na kufa kabla ya kuchanua.

Joto hilohilo ndilo linalotakiwa na waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo wengine huliita mdagu. Huu si mmea mgeni. Hujiotea wenyewe katika nyika kame za Kenya.

Anza na mbegu. Tunda lake ni maganda mawili yaliyoungana kwenye kikonyo. Yakikauka hupasuka, na kwa kuwa kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, upepo huzichukua zote. Basi yafunge kwa uzi yangali kijani. Zikishakomaa, zisie mapema: mbegu mpya huchipua baada ya siku 3 hadi 7, ilhali zilizokaa sana huoza ardhini.

Adui wa mche huu ni maji yanayotuama. Udongo wa mfinyanzi wa kingo za Mto Tana hushika maji mno, kwa hiyo usiutumie peke yake. Changanya sehemu mbili za mchanga wa laga, yaani mto mkavu wa msimu, na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, uongeze vipande vidogo vya makaa. Toboa mkebe chini. Laza mbegu, uzifunike kwa mchanga wa nusu sentimita tu, kisha uweke mkebe penye kivuli chepesi. Nyunyiza maji kila asubuhi hadi zichipue. Baada ya hapo, subiri udongo wa juu ukauke kwanza. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, usiiache mikebe uwanjani.

Mara kwa mara bonyeza shina kwa kidole. Likiwa gumu, mche ni mzima. Likibonyea, uozo umeingia: acha kumwagilia na uutenge mche huo.

Kipandikizi cha tawi nacho hushika, lakini ule unene wa shina chini, ambao ndio ghala la maji la mmea na ndio unaopendwa na wanunuzi, hupatikana vizuri zaidi kwa mche wa mbegu. Tena anayeotesha mbegu hana haja ya kung'oa mimea ya porini.

Utomvu wa waridi la jangwani una sumu inayoshambulia moyo. Zamani ulipakwa kwenye mishale, na wafugaji wa kaskazini wametumia unga wa shina kuua wadudu wa ngozi kwenye ngamia. Vaa glavu unapokata, nawa mikono, na uweke mikebe mbali na watoto.

Mche ukitunzwa huweza kuchanua katika mwaka wa kwanza au wa pili. Rangi ya ua si lazima ifuate ya mama yake, kwa hiyo ukiuza miche, usimwahidi mteja rangi kabla hujaiona.