Palizi ya Kahawa Isiuache Udongo Mtupu

Magugu huinyang'anya mibuni maji na virutubisho, hususan wakati wa kiangazi, kwa kuwa mizizi mingi ya kunyonya chakula huwa katika sentimita 30 za juu za udongo. Hata hivyo, shamba linalopaliwa hadi kubaki jeupe hupoteza pia buibui, tandu, jongoo, sisimizi na mbawakawa. Hasara hiyo si ndogo: jongoo humegamega majani makavu yakageuka mboji upesi, na baadhi ya sisimizi huwinda wadudu wanaotoboa buni.

Jembe huvunja makazi ya viumbe hao na, katika miteremko kama ya Kilimanjaro na Mbinga, huchochea mmomonyoko. Viuagugu vikitumika shamba zima, udongo hukosa kivuli na chakula cha viumbe hao.

Wakulima wanashauriwa kusafisha chini ya mibuni, kufyeka kati ya mistari na kuacha majani yawe matandazo. Sangari na ndago hazimalizwi kwa kufyekwa, kwani huchipua tena kutoka ardhini. Hazina budi kuchimbuliwa. Matandazo nayo yasigusane na shina, yasije yakavutia mchwa.