Stima yako, samaki wa mtoni: Kesi ambayo kijana wa Mombasa anafaa kuijua

Ukishuka asubuhi hadi soko la samaki kwenye Bandari ya Kale, au ukipita Marikiti, bei ya kamba utaisikia kabla hujauliza. Kuna msimu wamejaa ndoo. Kuna msimu unaambiwa, "Wamekuwa adimu, mwanangu," na bei inapanda. Hapo kila mtu ana wake wa kulaumu: wengine kusi, wengine meli kubwa za kuvuta nyavu, wengine wachuuzi wa kati. Ni nadra sana kumsikia mtu akitaja mabwawa ya umeme yaliyoko mamia ya kilomita bara.

Lakini hebu tuunganishe hii nyaya. Simu unayosomea habari hii huenda imechajiwa kwa stima iliyotokana na maji ya mto. Na mto huo huo ndio unaolisha sehemu ya samaki wanaofika mjini. Ikitokea siku stima na samaki wakawa wanayagombania maji, nani anaamua? Kenya ina jibu la kisheria kwa swali hilo, na tayari kuna watu waliolipeleka kortini.

Kamba anaanzia wapi

Kamba wengi wa pwani yetu huvuliwa Ghuba ya Ungwana, kule kati ya Malindi na Kipini, ambako mito ya Tana na Sabaki inamwaga maji baharini. Kamba mkubwa hutaga baharini. Watoto wake huingia kwenye midomo ya mito na mikokoni, hukulia kwenye maji yaliyochanganyika chumvi na tamu, kisha hurudi baharini wakiwa wamekomaa. Mto ukileta maji na tope lenye rutuba kwa wakati wake, malisho yanakuwepo. Mto ukizorota, na huko mikokoni mambo yanaharibika.

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini, karibu kilomita 1,000. Juu yake kuna mabwawa matano ya Seven Forks: Kindaruma lililoanza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala. Hukusanya maji wakati wa mvua na kuyaachilia polepole kiangazi, ili mitambo ya chini yake isikose maji. Kwa upande wa stima, hiyo ni akili nzuri. Bila ghala hilo, kila ukame ungekuwa giza.

Shida ni kwamba samaki wa mtoni huishi kwa kufuata mafuriko. Mto Tana kwa asili hufurika mara mbili kwa mwaka: mvua za masika na mvua za vuli. Maji yakitapakaa mabondeni, kambare na samaki wengine huingia humo kutaga, na watoto wao hukulia kwenye vidimbwi na maziwa madogo yanayobaki. Wavuvi Wapokomo na wafugaji wa delta wamepanga maisha yao kwa kalenda hiyo tangu jadi. Bwawa likimeza kilele cha mafuriko, bonde halijai, na samaki hukosa mahali pa kuzalia.

Kuna mengine pia. Tope la rutuba hutuama nyuma ya ukuta badala ya kufika delta. Mkunga wa mtoni, ambaye huzaliwa baharini na kupanda mto akiwa mdogo kama sindano, hukutana na ukuta wa saruji. Isitoshe, maji yanayotoka kwenye mitambo hupanda na kushuka kulingana na saa ambazo watu wanahitaji stima. Sisi tukiwasha taa na feni jioni, mto hubadilika.

Kwa hivyo ugomvi mwingi wa mabwawa na samaki unahusu ratiba: maji yaachiliwe lini, kiasi gani, na nani aliulizwa. Bwawa likishajengwa halibomolewi kesho. Lakini ratiba yake inaweza kubadilishwa, na hapo ndipo sheria inapopata pa kushika.

Turkana walivyotangulia

Kesi kubwa zaidi ya Kenya kuhusu jambo hili ilitoka kona nyingine kabisa ya nchi, lakini waya wake umefika hadi kwako.

Ziwa Turkana hupata takriban asilimia 90 ya maji yake ya mito kutoka Mto Omo wa Ethiopia. Ethiopia ilikuwa ikijenga bwawa la Gibe III juu ya mto huo, ukuta wa mita 243 na uwezo wa megawati 1,870. Kenya nayo ilikuwa na mpango wa kununua umeme kutoka huko. Wavuvi wa Turkana waliona hatari: mafuriko ya kila mwaka ya Omo ndiyo huleta rutuba ziwani na kuwapa samaki ishara ya kuzaa.

Sasa, utaishtaki vipi Ethiopia katika korti ya Nairobi? Shirika la Friends of Lake Turkana, lililoanzishwa na Ikal Angelei, lilitumia njia ya werevu. Halikumfuata mjenzi wa bwawa. Lilimfuata mnunuzi wa stima, yaani serikali ya Kenya na mashirika yake ya umeme. Hoja ilikuwa rahisi: ikiwa mnanunua umeme unaoweza kuharibu ziwa letu, mna wajibu wa kutuambia mnanunua nini na kwa masharti gani.

Mei 19, 2014, Jaji Pauline Nyamweya wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi aliamua. Aliamuru upande wa serikali utoe habari kamili kuhusu ununuzi wa umeme huo, na uchukue hatua za kuhakikisha rasilimali za Ziwa Turkana zinalindwa katika makubaliano yoyote na Ethiopia.

Je, bwawa lilisimama? La. Gibe III lilizinduliwa Desemba 2016. Mwaka 2018, UNESCO iliweka Mbuga za Kitaifa za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Na tangu Novemba 2022 Kenya inapokea umeme wa Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, ukianza na megawati 200, kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Umeme huo ukishaingia kwenye gridi haujulikani tena ni wa nani. Unafika Suswa, unafika Rabai, unafika kwenye plagi yako Mji wa Kale.

Tuseme ukweli wote: ziwa halikukauka jinsi wengi walivyohofia. Mvua kubwa za mwaka 2019 na iliyofuata zilipandisha kina chake hadi watu wakahama. Lakini ziwa lililojaa si lazima liwe ziwa lenye mafuriko ya msimu. Kina ni jambo moja, saa ya maji kufika ni jambo lingine, na samaki hufuata saa.

Kinachobaki kwenye kesi ile ni somo moja kubwa. Mvuvi anayedai kwamba samaki wamepungua huulizwa na korti: ushahidi uko wapi? Takwimu za maji, ripoti za mazingira na mikataba viko kwenye kabati za mwenye bwawa. Asiyepata karatasi hizo hushindwa hata kama anasema kweli. Ndiyo maana amri ya kutoa habari si ushindi mdogo.

Mfano wa hapa Pwani

Usidhani ni mambo ya Turkana pekee. Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya wakazi wa Lamu kuhusu ujenzi wa bandari ya LAPSSET. Majaji walipata kwamba haki za wavuvi zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupata habari na kushirikishwa, na wakatoa fidia ya Sh1.76 bilioni kwa wavuvi wapatao 4,600. Kulipwa kwenyewe kulihitaji mazungumzo marefu baadaye. Lakini kesi hiyo ilionyesha kwamba wavuvi wanaweza kudai haki zao kortini hata kama hawana hati ya bahari.

Na delta yenyewe ya Tana ina historia kortini. Mwaka 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi na maji ya delta lazima iandaliwe kwa kushirikisha wanaoishi huko.

Ng'ambo, majaji wameenda mbali zaidi. Nchini Marekani mwaka 1978, Mahakama ya Juu ilisimamisha bwawa la Tellico kwa ajili ya samaki mmoja mdogo kuliko kidole chako. Mwaka uliofuata wabunge waliliondoa bwawa hilo kwenye sheria na likajazwa maji. Kwa hivyo kushinda kortini bila kuungwa mkono na siasa kunaweza kuwa ushindi wa mwaka mmoja.

Kesi inayotufaa zaidi ni ya Mto Columbia. Huko, watoto wa samoni wanaoteremka kwenda baharini hufa wakipita kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2017, Jaji Michael Simon aliamuru maji zaidi yapitishwe juu ya ukuta wakati wa msimu wa samaki kuanzia 2018, ingawa maji hayo yangeweza kuzalisha stima. Mabwawa hayakubomolewa. Ratiba ndiyo iliyobadilishwa, na vita vya kisheria kuhusu mto huo vingali vinaendelea.

Sheria iliyo mkononi mwako

Haya, wewe wa Kuze, wa Kibokoni, wa Makadara, unaingilia wapi?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuilinda, na huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Huna hata haja ya kuwa mvuvi.

Sheria ya Maji ya 2016 ina kitu kinachoitwa akiba. Ni kiasi cha maji ambacho lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa viumbe wa majini, kabla ya mwingine yeyote kupimiwa lake. Kwa maneno mengine, samaki wako kwenye foleni ya mbele, pamoja na watu wenye kiu. Wanaofuata ni mashamba, viwanda na mitambo.

Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika kwa taasisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema. Huulizwi sababu. Kupeleka ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kudaiwa gharama za nakala. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.

Kwa nini sasa

Serikali imekuwa na mpango wa muda mrefu wa kujenga bwawa la High Grand Falls kwenye Tana, chini ya Kiambere, mpakani mwa Kitui na Tharaka Nithi. Katika mipango iliyotangazwa, lingeweka maji mara kadhaa zaidi ya Masinga. Lingeleta stima na kilimo cha umwagiliaji. Pia lingeweza kupunguza mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024, ambapo mabwawa yalifurika na maelfu ya watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao.

Hakuna anayetaka giza. Stima ya maji haina moshi, na anayeishi karibu na mitambo ya mafuta ya Kipevu anaelewa thamani ya hilo. Lakini mtu wa Kipini hawezi kulipia stima ya Mombasa kwa nyavu tupu, tena bila kuulizwa. Na ukuta ukishasimama, kubishana kuhusu ratiba kunakuwa kugumu mara mia. Wakati wa kuuliza ni kabla ya saruji kumwagwa.

Kwa hivyo wewe na wenzako, iwe mnakutana Swahilipot au kwenye baraza la mtaani, mna maswali matatu ya kuandika kwenye karatasi moja. Kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji: akiba ya Mto Tana ni kiasi gani, na imefikiwa miezi mingapi mwaka uliopita? Kwa KenGen: ratiba ya kuachilia maji hupangwaje, na kuna kipengele cha mafuriko ya samaki na delta? Kwa wizara inayohusika na High Grand Falls: ripoti ya athari kwa mazingira inasema nini kuhusu uvuvi wa Kipini na Ungwana?

Wekeni tarehe, wekeni sahihi, bakini na nakala. Kisha hesabuni siku 21.