Kabla ya Kuchangia Kazi ya Mazingira, Uliza Maswali Haya

Januari 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kujiondoa tena katika Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kufikia Julai mwaka huo, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kutoa misaada. Pengo kama hili likitokea, shilingi inayochangwa na mwananchi huwa na uzito zaidi, na ikipotea hasara yake ni kubwa zaidi.

Nia njema pekee haikuzi mti. Miche ya mikoko ikipandwa mahali pasipofaa husombwa na mawimbi au kufunikwa na mchanga. Siku ya kupanda picha hupigwa, lakini ni wachache wanaorudi kuhesabu iliyosalia.

Mradi wa Mikoko Pamoja, katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, unatoa funzo. Tangu 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko. Wanunuzi hulipia kaboni inayohifadhiwa na kupimwa, na wanavijiji wenyewe huamua matumizi ya fedha hizo. Zimewaletea maji na vitabu vya shule. Pesa hapo hufuata kazi inayoonekana, na wenyeji wana sababu ya kuulinda msitu.

Wakazi wanaoombwa mchango wanashauriwa kuuliza:

1. Je, kikundi kimesajiliwa? Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022. Ofisi ya maendeleo ya jamii inaweza kuthibitisha.

2. Pesa zinaingia wapi? Ziingie katika akaunti au paybill ya kikundi, si simu ya mtu binafsi, na risiti itolewe.

3. Nani atatunza baada ya kupanda? Bajeti iwe na fungu la ulinzi, maji na kupanda upya miche iliyokufa.

4. Miche mingapi ya mwaka jana ingali hai?

Kikundi kinachoshindwa kujibu si lazima kiwe cha walaghai. Huenda kinahitaji mweka hazina kwanza kabla ya miche. Wakazi wanaotaka kuchangia lakini hawajui pa kuanzia wanaweza kuiuliza kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi yao kuhusu miradi ambayo wananchi wenyewe wameipa kipaumbele.