Nyonga Bandia Inapolegea

Mkazi wa Kinampanda, mkoani Singida, aliyewekewa nyonga bandia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilometa 700 kila anapotakiwa kurudi kliniki. Kama hasikii maumivu, ni vigumu kumlaumu akibaki nyumbani. Tatizo ni kwamba nyonga bandia huweza kulegea kimyakimya.

Daktari wa mifupa John Charnley ndiye aliyefungua njia mwaka 1962, Wrightington, Uingereza: gololi ndogo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 22 hivi, kikombe cha plastiki, na saruji ya mifupa ya kuvishikiza. Saruji hiyo ni unga unaochanganywa na kimiminika chumbani humo humo cha upasuaji. Huwa uji mzito, kisha donge, na baada ya dakika kumi na kitu huwa jiwe la moto. Si gundi. Hushika kwa kupenya vitundu vya mfupa.

Miaka ikipita, plastiki husagika. Seli za kinga huzishambulia chembe zake, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa. Kwenye eksirei huonekana mstari mweusi kati ya saruji na mfupa: huenda nyonga imeanza kulegea.

Upasuaji wa marudio, wa kubadilisha nyonga iliyolegea, ni kazi nyingine kabisa. Saruji kuukuu hung'olewa kwa patasi, na mfupa unaobaki ni laini, hauna vitundu vya kushikia saruji mpya. Wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, na Exeter, Uingereza, walipata dawa yake: mfupa uliosagwa, kutoka kwa watu wengine, hushindiliwa kwa nyundo kwanza, saruji ikafuata. Na saruji ya zamani ikiwa bado imeshika barabara, huachwa, ikamiminwa mpya juu yake.

Matokeo? Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliorudiwa mara ya kwanza alirudiwa tena ndani ya miaka 15. Baada ya marudio ya pili, kiwango kama hicho kilifikiwa ndani ya miaka 7. Baada ya ya tatu, miaka 3 tu.

Kwa hiyo, hata kama huumwi, piga eksirei kwa ratiba uliyopewa, hata kama ni Singida mjini, na daktari wako aione. Tunza pia karatasi zenye aina na saizi ya nyonga yako. Daktari wa marudio atazihitaji.