Pumu ya Watoto na Kimo Chao

Wazazi hutuuliza: Je, dawa ya pumu ya kuvuta yadumaza mtoto? Swali hili ni la haki. Katika pumu mirija ya pumzi huvimba na kubana, hata kifua kikalia kama filimbi. Sisi walimu twawajua watoto hao: wenzao wachezapo mpira wao hukaa kando, nao huitwa wavivu bure. Dawa ya kupanua mirija husaidia ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiuondoi. Uvimbe hutulizwa na dawa ya stiroidi, ivutwayo kila siku, hata siku za uzima. Hiyo ndiyo itiliwayo shaka. Huko Marekani na Kanada watoto walioivuta miaka minne hata sita walipimwa tena ukubwani. Habari ikatolewa mwaka 2012. Walipungukiwa kimo, kwa wastani, sentimita 1.2 kuliko wenzao wasioipata, na upungufu huo ulianza katika miaka miwili ya kwanza, usizidi baadaye. Lakini pumu isiyotibiwa nayo huchelewesha kukua, tena yaweza kuua usiku mmoja. Basi mtoto na apimwe kimo kila miezi sita, na daktari aombwe kipimo kidogo kitoshacho. Wala msiikatishe dawa kwa shauri lenu wenyewe.