Kuongeza Nguvu ya Gari la Spoti la Zamani Bila Kupoteza Haki Zako

Baadhi ya wasomaji wetu wa Kiswahili wanaoishi California hununua magari ya spoti ya Kimarekani yaliyotengenezwa katika miaka ya 1970 na 1980. Baada ya kununua, wengi hushangaa kuona injini kubwa ikivuta kwa unyonge, na kwenye gereji nyingine huambiwa kwamba dawa ni kung'oa vifaa vya kudhibiti moshi. Katika sura hii tunaeleza kwa nini ushauri huo ni wa hasara, na ni njia zipi halali zinazoweza kurudisha nguvu ya gari.

Nguvu ilipotelea wapi

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 iliwalazimu watengenezaji kupunguza gesi chafu zinazotoka kwenye magari. Walipunguza mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda ili injini zitumie petroli isiyo na madini ya risasi. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi yaliwekewa kataliti, yaani kifaa kinachosafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi.

Hata hivyo, sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya karatasini tu. Injini ya kawaida ya Corvette, yenye ujazo wa inchi 350, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 270 mwaka 1971, 200 mwaka 1972, na 165 mwaka 1975. Tofauti ya 70 kati ya namba mbili za kwanza ilitokana zaidi na kubadilishwa kwa kipimo: awali injini ilipimwa ikiwa peke yake, bila mzigo wa vifaa vyake vyote, kuanzia 1972 ilipimwa ikiwa na chujio la hewa, altaneta na ekzosi kamili. Kwa hiyo, anayekuahidi kurudisha farasi 270 anaahidi namba ambayo gari halikuwahi kuwa nayo barabarani.

Sheria inasemaje

Sheria ya nchi nzima inakataza kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi, na katazo hilo linamhusu fundi na mwenye gari pia. Katika California, magari ya petroli ya mwaka 1975 na ya kabla ya hapo hayaitwi kwenye ukaguzi wa moshi. Msamaha huo ni wa ukaguzi pekee. Hauruhusu kung'oa vifaa. Gari la mwaka 1976 na kuendelea, katika maeneo mengi, hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Mkaguzi hutazama kama vifaa vyote vipo, kisha hupima moshi. Gari lisilofaulu haliwezi kukamilisha usajili wake, na mwenye gari hulazimika kununua upya vile vile alivyolipa ving'olewe.

Unaponunua gari linalopaswa kukaguliwa, kwa kawaida muuzaji ndiye anayewajibika kukupa cheti cha ukaguzi kilichotolewa ndani ya siku 90. Usilipe kabla ya kukiona.

Hatua tunazopendekeza

Kwanza, rudisha kilichopotea kwa uchakavu. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda, atafute mipira inayovujisha hewa, arekebishe kabureta na wakati wa cheche, na ahakikishe kwamba pedali ya mafuta ikikanyagwa hadi mwisho kabureta inafunguka kabisa. Kazi hizi hugharimu kidogo kuliko vipuri vipya.

Pili, chunguza ekzosi. Kataliti nyingi za mwanzo za General Motors zilijazwa punje zilizozuia moshi kupita kwa urahisi. Nyingi za sasa zina matundu kama sega la nyuki, na moshi hupita vizuri zaidi. Ikithibitika kwamba ya zamani imeharibika, weka mpya iliyoidhinishwa kwa gari lako.

Tatu, ukitaka kubadilisha kamshafti, vichwa vya silinda au njia ya kuingizia hewa, dai kuona namba ya idhini ya Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California. Soma orodha inayoambatana nayo: ni lazima mwaka na injini ya gari lako vitajwe.

Nne, kagua breki, matairi na rejeta kabla ya kuongeza nguvu. Gari lililoundwa kwa farasi 165 lina breki za umri uleule.

Kabla ya kutia saini

Sheria ya California inaitaka gereji ikupe makisio ya gharama kwa maandishi na ipate kibali chako kabla ya kuanza kazi. Gharama ikizidi makisio, kibali kingine kinahitajika. Unaweza pia kudai vipuri vya zamani, mradi uombe unapotoa idhini ya kazi.

Ukiahidiwa ongezeko la nguvu, taka gari lipimwe kwenye mashine ileile kabla na baada ya kazi. Namba inayopimwa kwenye magurudumu huwa ndogo kuliko ya injini, hivyo linganisha magurudumu kwa magurudumu. Tunza karatasi zote mbili pamoja na risiti. Ukileta malalamiko kwetu, hizo ndizo tutakazoziomba kwanza.