Kazi ya ulezi katika kambi za dini Marekani: Mambo ya kujua kabla ya kutia sahihi

MIONGONI mwa kazi za muda ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anaweza kuomba ng'ambo ni ile ya ulezi katika kambi za vijana nchini Marekani, ambapo shule hufungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi kati ya Juni na Agosti. Nyingi za kambi hizo huendeshwa na makanisa na mashirika ya kidini. Picha zinazotumiwa kuzitangaza huonyesha ziwa, mitumbwi na nyuso zenye tabasamu. Lisiloonekana pichani ni uzito wa kazi yenyewe: kijana wa miaka 19 au 20 hukabidhiwa watoto wa watu awalinde mchana na usiku.

Utamaduni huu una mizizi mirefu. Mnamo 1885, Sumner Dudley wa chama cha vijana Wakristo, YMCA, aliwapeleka wavulana saba kupiga kambi kando ya ziwa katika jimbo la New York. Kambi iliyotokana na safari hiyo ingalipo hadi leo, na hubeba jina lake. Wayahudi nao walianzisha kambi zao, zikiwemo za Ramah, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Wisconsin mwaka wa 1947. Nia ya waasisi hao ilikuwa kwamba mtoto aishi dini yake kutwa kucha, mezani, uwanjani na kitandani, badala ya kuisikia tu siku ya ibada.

Kwa sababu hiyo, mlezi ndiye nguzo ya kambi. Kwa kawaida hulala bweni moja na kundi dogo la watoto. Huwaamsha, husali nao, hula nao, huwasindikiza michezoni na majini, na jioni huongoza mazungumzo ya imani kabla ya taa kuzimwa. Anayelia usiku kwa kuwakumbuka wazazi humlilia yeye. Kabla ya watoto kuwasili, walezi hupewa mafunzo kuhusu huduma ya kwanza, usalama wa majini na kanuni za kuwakinga watoto dhidi ya dhuluma. Kanuni kuu ni kuwa mtu mzima asijitenge faraghani na mtoto mmoja. Kanuni hii haimsazi yeyote, awe mhubiri au mpishi, kwani ucha Mungu wa mtu hauwezi kuchukua nafasi ya uangalizi.

Mkenya anayekwenda kufanya kazi hii huhitaji viza ya J-1, katika kitengo cha walezi wa kambi. Ni lazima awe ametimiza miaka 18 na apitie kwa shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mashauri ya Kigeni ya Marekani. Muda wake hauzidi miezi minne, wala hauongezwi. Kanuni za kitengo hicho zinakataza mlezi kufanywa karani, mpishi, mwosha vyombo au mfagiaji. Aidha, zinaagiza alipwe sawa na wenzake Wamarekani. Wanaoajiriwa kwa kazi za jikoni na usafi huingia kupitia kitengo kingine. Basi anayeahidiwa ulezi kisha akajikuta akisugua masufuria kutwa ana haki ya kulalamika kwa shirika lililomdhamini.

Kuhusu malipo, anayetarajia utajiri atavunjika moyo. Sheria ya shirikisho ya 1938 kuhusu viwango vya kazi haizilazimishi kambi zinazofunguliwa kwa miezi isiyozidi saba kwa mwaka kulipa kima cha chini cha mshahara, wala kulipia saa za ziada. Ndiyo maana aghalabu mlezi hulipwa kitita kimoja cha msimu mzima, pamoja na chakula na malazi. Ukiondoa nauli, ada ya viza na ada za wakala, huenda kinachosalia kikawa kidogo mno.

Uzito wa dhamana hii ulidhihirika alfajiri ya Julai 4, 2025, mto Guadalupe ulipofurika huko Texas na kuikumba Camp Mystic, kambi ya Kikristo ya wasichana iliyoanzishwa 1926. Watoto na walezi 27 walifariki, na mkurugenzi wa kambi hiyo pia akapoteza maisha. Gizani, usingizini, waliokuwa karibu zaidi na watoto hao walikuwa wasichana waliotoka shule ya upili majuzi tu. Mwaka huo huo, jimbo hilo lilipitisha sheria za kuzuia mabweni kujengwa katika maeneo hatari ya mafuriko na kuzitaka kambi ziwe na mipango ya dharura.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, mwombaji aulize: Je, shirika linalonidhamini limeidhinishwa? Nitalala na watoto wangapi, na mlezi mwenzangu ni nani? Bweni liko umbali gani kutoka mtoni, na maji yakija usiku tutakimbilia wapi? Nikimshuku mwenzangu kwa kumdhulumu mtoto, nitamwarifu nani? Nitapumzika lini? Aulize pia kuhusu imani, kwa kuwa sheria ya Marekani huyaruhusu mashirika ya dini kuwapendelea waumini wao katika ajira, na baadhi humtaka mfanyakazi atie sahihi tamko la itikadi. Si vyema kukiri kwa kalamu usichokiamini moyoni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kambi inayokerwa na maswali haya haifai kupewa miezi minne ya kijana, wala mtoto wa mtu yeyote.